Mistari ya fomu kwenye Word: ya kujazia isiruke, na fremu ya ukurasa isikatwe na printa

Ijumaa iliyopita jioni mama mmoja, katibu wa kikoba, aliingia steshenari kwetu na flashi. Ndani yake mlikuwa na fomu ya maombi ya mkopo, akitaka nakala 40 za kikao cha kesho yake. Nilipoifungua, mistari ya kujazia ilikuwa imevurugika. Nukta za "Jina kamili" zimemwagikia mstari wa pili, za "Namba ya simu" zimeishia katikati ya karatasi.

"Mwanangu, nyumbani ilikaa sawa kabisa," akaniambia.

Nilimwamini. Nukta zile alizichapa moja moja, na kompyuta yetu haikuwa na fonti aliyotumia, kwa hiyo Word ikaweka nyingine yenye herufi pana zaidi. Kila nukta ikanenepa kidogo, na nukta 80 zikishanenepa, mstari hauna pa kwenda ila kuvuka pambizo. Tuliketi pamoja karibu saa nzima tukaipanga upya. Mpangilio wa hatua ndio huu.

Hatua ya 1: karatasi

Nenda Layout, kisha Size, chagua A4. Kompyuta nyingi huja zimewekewa Letter, karatasi ya Marekani, ambayo ni pana kuliko A4 kwa karibu milimita 6 na fupi kwa karibu sentimita 1.8. Ukipanga mistari juu ya Letter halafu ukaprinti kwenye A4, hesabu zote zitapotea. Pambizo ziache sentimita 2.54 kila upande. Toa mbili hizo kwenye upana wa A4 ambao ni 21, unabaki na 15.92. Ishike namba hiyo.

Hatua ya 2: mistari ya kujazia

Futa nukta zote ulizochapa kwa mkono. Futa na alama za kistari cha chini kama ulitumia hizo, maana zina ugonjwa uleule: ni herufi, na herufi hubadilika upana fonti ikibadilika. Tena mtu akijaza fomu kwenye kompyuta, jina lake linazisukuma mbele.

Chagua aya zote zenye sehemu za kujaza, bofya kulia, fungua Paragraph, halafu bofya kitufe cha Tabs chini kushoto. Kwenye kisanduku cha juu andika 15.92 cm. Andika na hiyo "cm" hata kama mashine yako inapima kwa inchi, Word itageuza yenyewe. Alignment chagua Right. Leader chagua namba 2 ukitaka nukta, namba 4 ukitaka mstari mzima. Bofya Set, kisha OK.

Sasa andika "Jina kamili:", acha nafasi moja, bonyeza Tab mara moja tu. Mstari unajichora wenyewe hadi pambizo ya kulia na unaishia hapo. Badilisha fonti, kuza herufi, peleka faili kwenye mashine nyingine: utaishia palepale.

Ukitaka sehemu mbili kwenye mstari mmoja, simu na tarehe kwa mfano, weka vituo viwili vya Tab: 9 cm wenye Alignment ya Left, na 15.92 cm wa Right, vyote na Leader yake. Kwa maelezo marefu kama "Sababu ya kuomba mkopo", bonyeza Tab kisha Enter, Tab kisha Enter, mara nne au tano.

Mimi kwa fomu zinazopita fotokopi nachagua mstari mzima siku zote. Nukta zikinakiliwa kutoka nakala ya nakala huanza kufifia, na mwandishi anabaki bila reli ya kufuata. Na wape watu nafasi ya kuandika: Line spacing weka Exactly, pointi 24, ambayo ni karibu milimita 8.5. Wazee wanaojaza kwa kalamu ya wino watakushukuru.

Hatua ya 3: visanduku vya NIDA, na saini

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Weka jedwali la safu mlalo moja na safu wima 20, kila moja sentimita 0.7, jumla 14, na kimo cha 0.7 kilichowekwa Exactly. Kwa saini tumia jedwali pia: safu wima tano, ondoa mistari yote, rudisha ya juu tu kwenye visanduku vya "Mwombaji", "Mdhamini" na "Mhazini". Safu wima mbili zilizobaki ziwe nyembamba, ziache tupu katikati yao ili mistari isiungane.

Hatua ya 4: mstari wa kutenganisha sehemu

Kwenye aya tupu andika vistari vitatu (---) ubonyeze Enter, utapata mstari mwembamba wa ukurasa mzima. Alama tatu za ___ huleta mnene, === huleta miwili, ~~~ wa mawimbi, *** wa vipande vipande, ### mitatu yenye wa kati mnene. LibreOffice, programu ya bure inayofanana na Word, nayo inafuata alama hizohizo, ila sura za mistari yake hutofautiana.

Mstari huu ndio watu hushindwa kuufuta, kwa sababu wanautafuta mahali ulipo, na pale hapana kitu cha kushika. Ni ukingo wa chini wa aya iliyo juu yake. Weka kishale kwenye aya hiyo ya juu, nenda Home, fungua kitufe cha Borders, chagua No Border. Kama umejichora sasa hivi bila kuuhitaji, Ctrl+Z inatosha.

Usichore mstari kwa Shapes ndani ya fomu. Ukiongeza neno moja juu yake, maneno yanashuka na mstari unaweza kubaki nyuma.

Hatua ya 5: fremu ya kuzungushia ukurasa

Kuiweka ni rahisi: Design, Page Borders, chagua Box, chagua aina ya mstari na unene. Tabu inakuja ukiprinti.

Zamani nilipewa katiba ya kikundi, kurasa 12 zenye namba chini, mwenyewe akitaka kila ukurasa uwe na fremu. Kwenye skrini ilipendeza. Kwenye karatasi, mstari wa chini haupo. Juu upo, kushoto upo, kulia upo, chini patupu. Nikalaumu tona, nikaitikisa. Nikabadilisha karatasi. Nikafuta programu ya printa na kuiweka upya. Nilikuja kupata jibu saa tisa usiku, rimu imeshapungua sana.

Sababu yenyewe ni hii. Word, usipoigusa, hupima fremu kutoka ukingo wa karatasi, pointi 24, yaani karibu milimita 8.5. Lakini printa nyingi haziwezi kuweka wino hadi ukingoni. Zinahitaji kushika karatasi, na mara nyingi mkia wa karatasi ndio unaoachwa zaidi. Yetu ya wakati ule nilipima kwa rula: milimita 13 za chini haizifikii. Mstari ulikuwa unaanguka ndani ya eneo hilo. Nikapandisha pointi hadi 31, kikomo cha Word, na bado: 31 ni karibu milimita 11 tu.

Dawa iko kwenye kitufe cha Options ndani ya dirisha hilohilo. Measure from ibadilishe iwe Text, fremu ipimwe kutoka kwenye maandishi. Itajibandika karibu mno na maneno, kwa hiyo panua hadi pointi 15 au 20 kila upande.

Nilifanya hivyo, na mstari wa chini bado ukakatwa. Hapo ndipo nilipopoteza saa nyingine mbili. Chini ya dirisha lile kuna kisanduku cha Surround footer, na kilikuwa na tiki. Namba za kurasa zinakaa kwenye futa (footer, sehemu ya chini ya ukurasa), fremu inashuka kuizunguka futa, inarudi kulekule printa isikofika. Ondoa tiki hiyo, namba ya ukurasa ibaki nje ya fremu. Au ukitaka namba iwe ndani, ipandishe futa kwanza: Footer from Bottom weka sentimita 2, na pambizo ya chini iongeze ifike 3.

Mengine yanayohusu hapohapo:

Cheti kilicholala ubavu hakipotezi mstari wa chini. Printa inakivuta kwa upande uleule mfupi, kwa hiyo unaopotea ni wa kushoto au wa kulia. Ni tatizo lilelile, usilitafute kwingine.

Ukitaka kujua printa yako inafika wapi, ichague kwanza kwenye orodha ya printa, kisha weka pambizo zote sifuri. Word ikitoa onyo, bofya Fix, na itakuandikia kiwango cha chini ambacho printa hiyo inakubali. Kisome, kiandike ukutani, kisha rudisha 2.54.

Ukiprinti PDF, kuchagua Fit huupunguza ukurasa wote na fremu ikaonekana nzima. Mimi sipendi njia hiyo. Visanduku vya NIDA navyo vinasinyaa, na mwenye mkono mzito anashindwa kuandika ndani yake. Chagua Actual size.

LibreOffice huchora fremu kwenye pambizo yenyewe, kwa hiyo ukiwa na pambizo za kawaida haikatwi.

Na zile fremu za maua za Art naziepuka kabisa kwenye fomu. Zinakula wino, na kwenye fotokopi maua yanageuka madoa. Mstari mwembamba ukiandamana na mnene unatosha.

Hatua ya 6: hifadhi kama PDF

Fonti zinabaki ndani ya faili. Kisha printi nakala moja, uishike mkononi, ujaze mwenyewe kwa kalamu tangu jina hadi saini. Yule mama alipojaza ya kwake, namba yake ya NIDA ilikaa vizuri, ila jina la mdhamini likabanwa. Tukapanua kisanduku kile, ndipo tukatoa zile 40.