Baridi ya Juni na nyumba ya udongo: anza juu

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai huwa wa nyuzi 13 au 14 hivi. Watu wakitetemeka wanalaumu ukuta wa udongo. Ukuta hauna kosa. Ukiwa mnene hunywa joto la jua mchana na kulitoa usiku, ila joto hilo linapanda na kupotelea kwenye bati. Wagogo wa tembe, nyumba yao ya asili, walikuwa na paa bapa la udongo juu ya miti na fito. Sisi tumelibomoa, tukapigilia bati tupu.

Kwanza, ziba mwanya kati ya ukuta na bati kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na majani makavu. Acha tundu dogo upande usio na upepo, chumba kipumue.

Pili ni dari, na hapa usiharakishe. Pigilia fito chini ya kenchi, zikaribiane. Tandika viroba vilivyofumuliwa, kisha mwaga pumba za mpunga, sentimita 10. Bahi wanalima mpunga, kwa hiyo ulizia kwenye mashine za kukoboa. Changanya na majivu kidogo kwa ajili ya wadudu. Nyaya za umeme zisifukiwe humo.

Tatu, mchana fungua madirisha ya kaskazini, maana jua la Juni linapita huko. Ya kusini-mashariki yafunge, ndiko upepo unakotoka.

Lipu ya saruji achana nayo. Inafungia unyevu ukutani, halafu inabanduka.

Maswali

*Mwalimu, jiko la mkaa chumbani halitoshi? (Mpwapwa)*
Hapana, ndugu yangu. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, haina harufu, inaua watu usingizini. Na sasa umeshaziba nyufa! Weka tofali la kuchoma kando ya moto wa jioni huko nje, livingirishe kwenye gunia, lilaze miguuni.

*Pumba si zitaleta panya? (Kongwa)*
Zikiwa na chenga, ndiyo. Mwaka wa kwanza sikupepeta, nikalala chini ya harusi ya panya mpaka Agosti. Pepeta, dada.

*Oktoba je, hatutaiva humo ndani? (Manyoni)*
Bati ndilo linalowaivisha. Dari hiyohiyo italizuia joto lake lisishuke. Usiku fungua madirisha yote, asubuhi funga kabla jua halijachoma.