Kuhama nyumba Mwanza bila kugombana na mtu

Mtu akisikia kuhama anawaza maboksi na kubeba, ila ukiangalia vizuri kinachomchosha mtu siku ya kuhama ni ugomvi. Dereva wa kirikuu anadai ulimwambia chumba na sebule mbona vitu vimekuwa vya nyumba nzima, vijana wa kubeba wamefika katikati ya mlima wametua kabati chini wanataka waongezewe, dalali anapiga simu kila baada ya dakika tano, mama mwenye nyumba wa zamani anasema kile kioo cha dirisha kilikuwa kizima (na wewe ulikikuta kimepasuka), na humo ndani mume na mke hawaongei kisa misumari ya kitanda haijulikani iko wapi. Vitu vyenyewe vinahamaga tu, hata kwa mkokoteni vitafika. Kwa hiyo ushauri wangu wote hapa ni mmoja, kila mtu utakaekutana nae siku hiyo malizana nae kabla ya siku hiyo, kwa maneno yanayoeleweka, na ikiwezekana kwa meseji ili kesho asigeuke.

Tuanze na mlima, maana hii ni Mwanza. Ukienda kuangalia nyumba Igogo, Mabatini, Isamilo ya juu, Kitangiri kule kwenye mawe au Bugando upande wa mlimani, dalali atakuonyesha tiles, atakuonyesha choo cha ndani, atakuonyesha na ziwa unavyoliona ukikaa barazani. Hatakuonyesha gari linaishia wapi. We ndo uulize, na usiishie kuuliza, shuka kwa miguu mpaka pale gari linaposimama alafu panda tena taratibu huku unawaza umebeba friji. Angalia zile ngazi za mawe, kona ziko ngapi, kuna mahali pa kupita kati ya kuta mbili ambapo godoro la sita kwa sita litagoma? Kuna mfereji wa kuruka? Mvua ikinyesha yale mawe yanateleza au yana mchanga? Mi huwa naenda na tape ya fundi kabisa, napima mlango wa geti na mlango wa chumbani, maana kuna nyumba za huko juu zimejengwa milango myembamba na kabati la milango mitatu haliingii hata ulipigie magoti. Bora ujue mapema kabati linauzwa kuliko lije lilale nje usiku mzima.

Ukishapajua hapo mahali, ndo utafute vijana wa kubeba, na watafute wa mtaa ule ule unaohamia, sio wa kule unakotoka. Wa kule juu wanaujua mlima wao, wanajua wapi pa kupumzika, anaweka ngata kichwani anapanda na kiroba cha mchele kama hakuna kitu. Ukija na vijana wa Buhongwa tambarare wakiuona mlima wa Mabatini bei inabadilika hapo hapo. Na mazungumzo yaende hivi, usiseme "nina vitu kidogo". Hakuna mtu mwenye vitu kidogo. Wapigie picha, kitanda, friji, kabati, meza ya tivii, makochi, waonyeshe kwenye simu kisha sema, "Wadogo zangu, vitu ndo hivi, kutoka pale gari linaposimama mpaka ndani chumbani, shilingi ngapi kwa wote?" Neno la muhimu hapo ni mpaka ndani chumbani. Usiposema hivo watakutulia mlangoni barazani, na ukiwaambia waingize utasikia, "bosi hiyo ya kuingiza ni nyingine." Nusu unawapa wakianza, nusu wakimaliza, na maji ya kunywa ya kutosha uwe nayo, soda sio lazima ila ukiwapa soda kabati linabebwa kwa heshima zaidi, hiyo nimeiona kwa macho.

Gari nalo ni hivyo hivyo. Kwa chumba kimoja kirikuu inatosha, au hata toyo ya miguu mitatu kama ni mitaa ya jirani tu, tuseme unatoka Nyamanoro unaenda Kirumba. Nyumba ya familia tafuta Canter, usijidanganye kupeleka kirikuu trip nyingi ukidhani unaokoa hela, utalipa mafuta, utalipa muda, na kila trip inahitaji mtu wa kulinda vitu pande zote mbili. Dereva mwambie unapotoka, unapoenda, barabara ikoje, na mkubaliane kama bei yake inahusu kusubiri wakati mnapakia. Epuka mwisho wa mwezi kama unaweza kwa sababu kila mtu anahama na magari yanakuwa ya kugombania. Na kama unakatiza mjini, tuseme unatoka Mkolani au Nyegezi kwenda Pasiansi au Kiseke, usijiweke kwenye barabara ya Kenyatta asubuhi watu wanapoenda kazini wala jioni wanaporudi. Turubai muulize kabisa kama analo, hasa miezi ya masika Machi mpaka Mei na ile ya vuli kuanzia Oktoba, ziwani huko wingu linajikusanya ghafla na godoro likilowa halikauki leo wala kesho.

Sasa dalali na mwenye nyumba. Dalali kawaida yake ni kodi ya mwezi mmoja, na wengi wanataka na hela ya kukuzungusha, hiyo uliza mwanzo kabla hujapanda nae hata bodaboda. Usimpe dalali kodi ya nyumba. Kodi mpe mwenye nyumba mwenyewe, mkononi kwa karatasi au kwa simu kwenye namba yenye jina lake, iwe miezi mitatu au sita, na mkataba usainiwe siku hiyo hiyo. Alafu kabla hujaingiza hata kijiko, piga video ya nyumba ikiwa tupu. Pita kila chumba, kuta, dari, vioo, kitasa kinachogoma, sinki linalovuja, na mtumie mwenye nyumba wasap papo hapo, "Shikamoo mama, nimeikuta nyumba hivi, asante." Kwa upole tu. Siku ya kutoka hakuna atakaekudai kioo.

Umeme na maji usiviache. Piga picha namba ya mita ya LUKU, nunua umeme wa hela ndogo uone unapata yuniti ngapi, maana mita ikiwa na deni utaliona hapo hapo linakatwa na we ndo utakuwa unalipia friji la mpangaji aliyepita. Pia kumbuka kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa humo humo kwenye LUKU, na hiyo kodi ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo ulizeni mapema mtarudishiana vipi, wengine wanaipunguza kwenye kodi ya pango, wengine wanajifanya hawajui. Kama mita ni ya kuchangia na wapangaji wengine uliza mnachangaje, nani ana pasi, nani ana friji, nani anachomelea vyuma nyuma ya nyumba. Maji ya MWAUWASA uliza majirani, sio dalali, yanatoka siku gani na saa ngapi, kwa sababu nyumba za juu mlimani presha inakuwaga ndogo na kuna watu wanaamka usiku kukinga. Kama hakuna simtank, siku moja kabla ya kuhama nenda na madumu ukajaze. Kuhamia nyumba isiyo na maji, mmejaa vumbi na watoto wanataka choo, huo ni ugomvi mwingine.

Na kunguni jamani. Uliza, na usione aibu. Chukua tochi angalia nyufa za ukuta, kona za mlango, mbao za dari, ukiona vidoa vyeusi vyeusi kama wino basi piga dawa nyumba ikiwa bado tupu na uiache imefungwa kabla ya kuingia. Ukishaingiza kitanda umeshachelewa.

Kufunga vitu sina mengi, kila mtu ana mtindo wake. Maboksi yapo kwenye maduka ya jumla ya Makoroboi na mitaa ile ya mjini, ukiomba vizuri jioni wakifunga unapewa au unauziwa kwa hela ndogo. Nguo weka kwenye shangazi kaja na viroba vya salfeti, sufuria zipandane na katikati weka taulo, glasi na vikombe funga kwa khanga na magazeti, sahani zisimamishe kwa upande wa ukingo kwenye ndoo usizilaze zikabebana uzito. Vitu vizito gawanya, watu wanajaza boksi moja vitabu vyote alafu wanashangaa kitako kimetoka. Kila boksi liandike kwa maka peni linaenda chumba gani, ili vijana wasikuulize "hii wapi bosi" kila wakipanda.

Kitanda ndo kinahitaji akili kidogo. Kabla hujakifungua piga picha kona zote nne, alafu chukua chaki uandike namba kwenye kila ubavu na kwenye mguu unaokutana nao, moja na moja, mbili na mbili, maana kitanda cha mninga kilichotengenezwa na fundi wa mtaani kila tundu lina mahali pake, ukigeuza bavu haliingii na ukilazimisha linapasuka. Bolti na nati na waya wa chandarua tia kwenye soksi, funga fundo, na hiyo soksi ifunge kwa kamba kwenye kichwa cha kitanda chenyewe. Sio kwenye boksi la jikoni, sio mfukoni kwa mume. Spana iwe kwenye begi lako. Saa mbili usiku mkiwa mmechoka kitanda kikisimama kwa dakika kumi mtapendana wenyewe.

Friji itoe vitu na uizime siku moja kabla barafu iyeyuke, ibebwe imesimama, na ikifika usiwashe hapo hapo, iache masaa kadhaa itulie, oili ya kwenye kompresa irudi chini. Kama ililazwa njiani basi iache mpaka kesho. Mtungi wa gesi funga koki, toa regulator, usimamishe wima na usiufungie ndani ya gari na watu. Tivii isimame katikati ya magodoro. Kuku wahamishe usiku, giza likiingia kuku anakuwa mpole unamwokota tu kama nanasi, na ukifika wafungie bandani siku kadhaa kwanza, la sivyo asubuhi utawatafuta mtaa mzima.

Begi moja usilipakie kwenye gari wala usiwape vijana, libebe mwenyewe. Ndani weka mikataba, vyeti, kadi za kliniki za watoto, NIDA, hela, chaja, dawa, sare za shule za kesho, chandarua, tochi, kiberiti, sabuni, kisu, sufuria moja na tishu. Watoto wadogo wapeleke kwa bibi au kwa shangazi yao siku hiyo. Na usipange kupika, tafuta mama ntilie wa mtaa mpya, ugali na sato, utakula na utamjua mtu wa kwanza anayejua habari za mtaa mzima.

Kama unavuka ziwa mambo ni tofauti kidogo. Kwenda Sengerema au Geita siku hizi afadhali, Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo na Busisi limefunguliwa Juni 2025, ile foleni ya kusubiri kivuko na vitu juu ya gari haipo tena. Ila Ukerewe bado maji yapo, ama upitie Bunda mpaka Kisorya uvuke na kivuko kwenda Rugezi, ama upakie kwenye meli ya Nansio. Hapo nenda bandarini siku moja kabla uulize bei ya mzigo, kila furushi liandike jina na namba ya simu, na uwe na mtu wa kupokea upande wa pili kabla wewe hujafika.

Ukishaingia, kesho yake asubuhi pita kwa majirani, "mwangaluka" tu, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, inatosha, sema we ni nani na umehamia nyumba ipi. Ndani ya wiki nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na nakala ya kitambulisho na mkataba, ujiandikishe. Siku utakayotaka barua ya utambulisho ya benki au ya shule hutaambiwa "sisi hatukujui".

Na kule ulikotoka usiondoke kwa kuchungulia geti. Fagia, piga video nyingine nyumba ikiwa tupu, soma mita ya maji mkiwa wote na mwenye nyumba na bili umalizie, yuniti za LUKU zilizobaki kama ni nyingi mwambie anaekuja mkubaliane bei au uziache kwa roho safi. Funguo mpe mwenye nyumba mkononi, zote, hata ule wa geti uliochongesha mwenyewe, alafu mtumie meseji, "Nimekabidhi funguo leo saa kumi jioni," na usubiri ajibu hata "sawa" kabla hujapanda gari.