Somo: sarafu iliyofichwa na ukingo wa bakuli

Maji ya Ziwa Tanganyika ni maangavu mno, na hapo ndipo hatari ilipo. Nikiwa na miaka tisa nilisimama kwenye mtumbwi pale Kibirizi, nikauona mchanga chini, nikajua maji yatanifika kifuani. Nikaruka. Yalinipita kichwa, mvuvi ndiye aliyenivuta. Tangu hapo somo hili huanza na bakuli, ubao baadaye.

Hatua ya 1. Chukua bakuli la bati. Weka sarafu ya shilingi 200 katikati, uibandike kwa tonge dogo la ugali ili maji yasiisogeze.

Hatua ya 2. Rudi nyuma ukiitazama mpaka ukingo uifiche yote. Ganda hapo hapo. Ukiinua kichwa hata kidogo, jaribio limeharibika.

Hatua ya 3. Mwenzako amimine maji polepole. Sarafu itachomoza ukingoni kama inayopanda, na wala haijasogea.

Hewani mwanga huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, majini 225,000 hivi. Mwanga ukitoka majini kwa mshazari, upande mmoja wa mwali wake hutangulia kufika hewani na kuongeza kasi huku mwingine ungali majini, basi mwali hupinda. Jicho halina habari. Linadhani umekuja umenyooka, linaiona sarafu juu zaidi.

Hatua ya 4. Kokotoa. Ukitazama wima, gawanya kina halisi kwa 1.33, yaani kasi ya hewani ukiigawanya kwa ile ya majini. Mita 1.4 huonekana 1.05 hivi: ndicho kifua changu cha siku ile. Kanuni ya mpindo huu Ibn Sahl wa Baghdad aliiandika mwaka 984, zaidi ya miaka 600 kabla ya Snell wa Uholanzi, ambaye ndiye anayetajwa madarasani.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Kwa mkuki tumlenge samaki wapi?
Marahaba. Chini ya pale unapomwona. Ukiwa wima juu yake, hajahama upande. Yuko chini zaidi tu.

Nikitumia mafuta badala ya maji, je?
Ya alizeti hupinda mwanga zaidi: badala ya 1.33 ya maji, yake ni kama 1.47. Zamisha glasi humo: kingo zake karibu zitapotea, kwa kuwa kioo ni kama 1.5. Mawese yetu hayafai hapa, rangi yake inaficha kila kitu.

Na samaki anatuonaje, kaka?
Kwake anga lote limebanwa kwenye duara juu ya kichwa, nyuzi 49 hivi kutoka wima kila upande. Nje ya duara, uso wa maji ni kioo kinachomwonyesha ziwa lake. Wewe uliyechuchumaa ufukweni anakuona umeinuliwa, pembezoni mwa duara hilo.