Pleya ikijaa, usifute nyimbo: punguza uzito wa nakala

Hili nimelijua juzi nikihamishia muziki kwenye pleya ndogo. Faili asilia za FLAC (muundo unaohifadhi sauti yote bila kupoteza kitu) ziache kwenye kompyuta, kisha tengeneza nakala za Opus (muundo unaobana sauti ili faili iwe ndogo) za kilobiti 128 kwa sekunde. Hizo ndizo uziweke kwenye pleya. Programu kama foobar2000 hubadilisha folda nzima kwa mkupuo, na majina ya wasanii na albamu hubaki. Kwa kiwango hicho, dakika moja ya muziki huchukua karibu megabaiti 1, ilhali FLAC ya ubora wa CD mara nyingi hula 5 au zaidi. Yaani palipoenea albamu moja, sasa zinaingia tano hivi. Opus hutupa hasa zile sauti ambazo sikio halizinasi kirahisi, na ukiwa njiani na spika za masikioni sidhani kama utagundua tofauti, hata ukitega sikio.

Inapokwama: pleya nyingi za zamani hazisomi Opus. Jaribu wimbo mmoja kwanza. Ukigoma, tumia AAC (muundo mwingine wa kubana sauti), au MP3 ya kilobiti 192. Na kama ulichonacho tayari ni MP3, usikibadilishe tena, maana kubana kilichokwisha kubanwa huharibu sauti, na milio myembamba kama ya matoazi ndiyo huumia kwanza. Kwa hizo heri uchague za kubeba wiki hii, nyingine zisubiri zamu. Angalia pia picha za majalada: kuna zinazokula megabaiti kadhaa ndani ya kila wimbo, bure kabisa.