Namna ya Kuomba Nafasi katika Chuo cha Kikristo Marekani kwa Kijana Aliyesomeshwa Nyumbani

Nchini Marekani, kusomesha watoto nyumbani kumekuwa halali katika majimbo yote 50 tangu mwaka 1993, na vyuo vya Kikristo ni miongoni mwa vyuo vilivyozoea mapema kuwapokea vijana waliofundishwa na wazazi wao. Patrick Henry College ya Virginia, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2000, ilianzishwa na Michael Farris, mwanasheria ambaye mwaka 1983 alikuwa mmoja wa waasisi wa HSLDA, chama kinachotetea familia zinazosomesha nyumbani. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu uliyeko Texas, Ohio au Minnesota, huna sababu ya kuingia katika maombi haya kwa unyonge, kana kwamba mwanao anaomba radhi kwa kutopitia shule ya kawaida. Kigumu ni kingine. Ofisa wa udahili hakuketi nanyi mezani kwa miaka minne, hakumwona mwanao akihangaika na aljebra mpaka ikamwingia, na hana njia ya kuyajua hayo ila kwa karatasi mtakazompelekea. Mwongozo huu, niliouandika baada ya kuwaandalia wanangu wawili maombi yao, unahusu karatasi hizo.

Anza na sheria ya jimbo unaloishi, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama elimu uliyompa mwanao inahesabika kuwa sekondari kamili. Texas haimtaki mzazi kuarifu serikali wala kupeleka ripoti, ilhali New York inataka barua ya kusudio, mpango wa masomo wa kila mwaka, ripoti za kila robo na tathmini ya mwisho wa mwaka, na Pennsylvania inataka kazi za mwanafunzi zikaguliwe na mtathmini mwenye sifa. Kama mmehama jimbo katikati ya sekondari, jambo ambalo familia za wahamiaji hulijua vizuri, hifadhi nyaraka za kila jimbo mlikopita katika jalada moja.

Karatasi iliyo kuu kuliko zote ni hati ya matokeo, ambayo wengi wetu tunaiita transkripti, na anayeitoa ni wewe mzazi, kwa sababu wewe ndiye shule. Iwe ukurasa mmoja au miwili, yenye jina la shule yenu ya nyumbani, jina la mwanafunzi na tarehe yake ya kuzaliwa, masomo ya kila mwaka kuanzia darasa la 9 hadi la 12, krediti za kila somo, alama, wastani wa jumla, ufafanuzi wa kipimo cha alama mlichotumia, tarehe ya kuhitimu na sahihi yako. Krediti moja kwa kawaida ni somo la mwaka mzima, na kipimo cha zamani kinachotumika mpaka leo ni saa 120 za kusoma. Somo la nusu mwaka hupewa nusu krediti. Wastani hupatikana kwa kuipa A pointi 4, B pointi 3, C pointi 2 na D pointi 1, kisha kuzidisha pointi za kila somo kwa krediti zake, kujumlisha, na kugawa kwa jumla ya krediti zote. Vyuo vingi hutegemea kuona takribani miaka minne ya Kiingereza, mitatu au minne ya hisabati, mitatu ya sayansi yenye kazi za maabara, mitatu ya historia na maarifa ya jamii, na miwili ya lugha ya kigeni. Baadhi hutaka sahihi ya mzazi ishuhudiwe na ofisa wa kuthibitisha hati, ambaye mara nyingi hupatikana hata katika tawi la benki, na huduma hiyo ni ya dakika chache.

Hati hii ianze kuandikwa mwanao akiwa darasa la 9. Kwa mwanetu wa kwanza tulingoja mpaka mwaka wa mwisho, tukajikuta usiku baada ya usiku tukijaribu kukumbuka ni kitabu gani cha biolojia tulikimaliza na kipi tulikiacha njiani. Kwa wa pili tuliandika kila mwisho wa muhula, na kazi yote ikawa ya saa moja.

Nasisitiza pia uaminifu katika alama. Mzazi anayempa mwanawe A katika kila somo kwa miaka minne anaifanya hati yote isiaminike, hasa ikifuatana na mtihani wa taifa wenye matokeo ya chini. B iliyopatikana kwa haki katika kemia ina uzito kuliko A ambayo hakuna awezaye kuieleza.

Kuhusu lugha ya kigeni, wazazi wengi wanaozungumza Kiswahili wana hazina wasiyoitumia. Kiswahili kinaweza kuingia katika hati kama somo la lugha, mradi kiwe kimesomwa kweli: sarufi na ngeli, usomaji wa riwaya na ushairi, na insha zilizosahihishwa. Kuongea na bibi kwa simu hakutoshi kupewa krediti. Kwa ushahidi wa nje, ipo mitihani ya kupima umahiri wa kuzungumza inayofuata viwango vya ACTFL, chama cha Marekani cha walimu wa lugha za kigeni, ambayo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake, na matokeo yake ofisa wa udahili anaweza kuyasoma bila tafsiri.

Pamoja na hati ya matokeo, andaa maelezo ya masomo, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yanayomsaidia zaidi kijana wa nyumbani. Kila somo lipewe aya moja inayotaja vitabu vilivyotumika, mada kuu, aliyefundisha, na jinsi alama zilivyotolewa. Usiandike tu kwamba mwanao alisoma fizikia. Eleza kwamba alimaliza sura fulani za kitabu fulani, akafanya majaribio kadhaa na kuandika ripoti zake, na kwamba mitihani ilibeba nusu ya alama. Daftari la maabara na insha mbili tatu zilizosahihishwa ziwekwe pembeni, kwani chuo kinaweza kuziomba.

Kinachofuata ni ushahidi usiotoka mkononi mwa mzazi. SAT, yenye alama za juu 1600, na ACT, yenye 36, ndiyo mitihani ya kujiunga na chuo inayojulikana; vyuo vingi vya Kikristo hupokea pia CLT, uliobuniwa mwaka 2015, ambao alama zake za juu ni 120. Hata pale chuo kinaposema mtihani ni hiari, namshauri kijana wa nyumbani aufanye, na akipata alama nzuri azipeleke. Bora zaidi ni kusoma masomo mawili katika chuo cha jamii (community college) kilicho karibu akiwa darasa la 11 au la 12, kwa sababu hapo hupata alama kutoka kwa mwalimu asiye ndugu yake, na mwalimu huyo huyo anaweza kumwandikia barua ya kumpendekeza.

Barua hizo ndipo wengi wanapokwama, maana mzazi haruhusiwi kwa kawaida kuwa mwandishi wa barua ya mwalimu hata kama ndiye aliyefundisha kila kitu. Fikiria mwalimu wa chuo cha jamii, kocha, mwalimu wa muziki, au msimamizi wa kazi ya kujitolea. Vyuo vya Kikristo vingi huomba pia barua ya mchungaji au kiongozi wa kanisa. Ikiwa ibada yenu ni ya Kiswahili na mchungaji hana uzoefu wa barua za namna hii, mwendee mapema, mweleze kwa heshima kwamba chuo kinataka kujua tabia ya kijana na huduma aliyoifanya, si cheo cha baba yake kanisani, na akiandika kwa Kiswahili tafuteni mtu asiye wa familia aitafsiri.

Kijana mwenyewe ataombwa kuandika insha ya imani. Ushuhuda wa kusimama mbele ya kusanyiko na insha ya chuo ni vitu viwili tofauti: katika insha, maneno tuliyoyazoea ya wokovu hayatoshi yakisimama peke yake, na msomaji anatafuta tukio, swali lililomsumbua kijana, na jinsi imani yake inavyohusiana na anachotaka kusomea. Mzazi asiiandike wala asiinyooshe mpaka sauti ya mtoto ipotee. Kabla ya hapo, someni pamoja tamko la imani la chuo na maagano yake ya mwenendo. Wheaton College ya Illinois, iliyoanzishwa mwaka 1860, huwataka wanafunzi wakubali agano la jumuiya yao, na si haki kijana kutia sahihi jambo asilolisoma. Hakikisheni pia kwamba chuo kina ithibati inayotambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani, kwa kuwa baadhi ya vyuo vidogo vya Biblia havina, na krediti zake huenda zisikubaliwe kwingine.

Kwa upande wa fedha, fomu ya FAFSA, ambayo ndiyo ya kuombea msaada wa masomo wa serikali ya shirikisho, kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba, na mwenye kadi ya kijani anastahili kama raia. Kijana aliyehitimu nyumbani kwa mujibu wa sheria ya jimbo lake hahitaji GED, mtihani unaochukua nafasi ya cheti cha sekondari, ili apate msaada wa shirikisho. Katika swali la kumaliza sekondari achague elimu ya nyumbani. Mzazi asiye na namba ya Social Security naye anaweza kufungua akaunti na kujaza sehemu yake. Ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, ilikuwa hadi dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025–26. Angalia, hata hivyo, kwamba Grove City, Hillsdale na Patrick Henry hazipokei fedha za serikali ya shirikisho na hutoa misaada yao wenyewe, ilhali Berea ya Kentucky na College of the Ozarks ya Missouri hazitozi ada, na wanafunzi wao hufanya kazi chuoni kila wiki.

Mkitumia Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi, ambayo hufunguliwa 1 Agosti, jina lako mzazi huwekwa kama mshauri wa shule. Wewe ndiye utakayepakia hati ya matokeo, maelezo ya masomo, na waraka mfupi unaoeleza kwa nini na kwa namna gani mlisomesha nyumbani. Majibu yakija, vyuo vingi hungoja uamuzi wenu hadi 1 Mei. Mwanao akimaliza masomo ya mwisho, jaza alama za muhula huo, andika tarehe ya kuhitimu, tia sahihi, na upeleke hati ya mwisho katika chuo alichokichagua, kwa sababu bila hati hiyo usajili wake hautakamilika.