Anza na sahani ya maji, darubini ifuate: kutazama ndege ukiwa nyumbani

Anayetaka kuanza kutazama ndege huniuliza kwanza anunue darubini gani. Mimi humwambia aanze na maji. Ninaishi Arusha, uani kwangu hapazidi hatua ishirini, na sehemu kubwa ya ndege ninaowatambua leo niliwajua walipokuja kunywa pale. Ndege anayerudi mahali pamoja kila siku anakupa nafasi ya kukosea na kumtazama tena kesho.

Hatua ya 1: Weka maji

Tafuta sahani pana ya udongo, ile inayokaa chini ya chungu cha maua. Maji yasizidi kina cha vidole viwili, kwa sababu ndege wadogo huzama. Katikati weka jiwe lenye uso wa kukwaruza, wapate pa kusimama. Iinue juu ya gogo au tofali, mita mbili tatu kutoka kichakani: karibu kiasi cha ndege kukimbilia majani akimwona kipanga, mbali kiasi kwamba paka hawezi kuruka kutoka mafichoni.

Badilisha maji kila asubuhi na usugue sahani kwa brashi. Hapo mbu pia hawazaliani, maana kiluwiluwi huhitaji siku kadhaa majini kabla ya kuruka. Kwangu ilipita zaidi ya wiki kabla ndege wa kwanza, shore, hajatua, kwa hiyo usiihamishe hamishe sahani. Kuanzia Juni hadi Oktoba, ardhi ikikauka, ndipo utakapowaona wengi.

Hatua ya 2: Chakula, tena kidogo

Mtama, ulezi na chenga za mchele mbichi huwaleta shomoro, mnana na tetere. Papai lililopasuliwa au ndizi mbivu iliyochomekwa kwenye msumari huleta shore na kuzumburu, wale wa kijivu wenye mkia mrefu wanaoning'inia kama panya mtini. Weka kiasi kitakachoisha kabla ya adhuhuri. Kinachobaki ni cha panya.

Usiweke chochote chenye chumvi wala ukungu. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, nayo inaweza kuua ndege: sumu hiyo ilitambuliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga. Wali na ugali uliobaki nao usimwage nje, hasa ukiwa Pwani. Utawaita kunguru wa India, walioletwa Zanzibar miaka ya 1890, na hao hula mayai na makinda ya ndege wengine. Ukifuga kuku, sehemu hii iwe mbali na banda. Ndege wa porini wanaweza kuleta kideri, ugonjwa unaoua kuku.

Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, hatashughulika na nafaka zako. Yeye mpandie shubiri, au uache ua la mgomba likining'inia bila kulikata.

Hatua ya 3: Sasa nunua darubini

Namba mbili zilizoandikwa juu yake ndizo za kusoma. 8x42 maana yake inakuza mara 8, na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42. Hiyo inatosha kwa mtu anayeanza. Inayokuza mara 10 hutikisika zaidi mkononi na huonyesha eneo dogo, nawe bado hujazoea kumtafuta ndege.

Kabla ya kulipa, tazama nguzo ya umeme kwa macho yote mawili. Ukiona nguzo mbili, au macho yakivuta, iache. Mimi niliwahi kuinunua ya namna hiyo kwa sababu ya bei, na kila nilipoitumia kichwa kiliuma.

Hatua ya 4: Ilinganishe na macho yako

Kunja mirija miwili hadi uone duara moja. Fumba jicho la kulia, tazama ukingo wa sahani yako kwa la kushoto, na uzungushe kigurudumu cha katikati hadi ukingo uwe wazi. Kisha fumba la kushoto, na safari hii zungusha pete iliyo kwenye mrija wa kulia peke yake. Kumbuka pete imeishia alama gani. Tangu hapo utatumia kigurudumu tu. Ukivaa miwani, usiivue, bali shusha vikombe vya mpira vya machoni.

Hapa ndipo sahani inapolipa. Ukikaa mita sita kutoka kwayo, darubini imeshalengwa kabla ndege hajafika, na akitua utamwona kana kwamba yuko sentimita 75 kutoka usoni pako.

Hatua ya 5: Mwinulie darubini, usimwondolee macho

Wengi huinama kuitazama darubini, wakiinua kichwa ndege keshapotea. Kaza macho kwake, halafu leta darubini machoni bila kusogeza kichwa. Jizoeze kwa majani na matunda mtini, mara 30 kwa siku. Usiielekeze kwenye jua hata kidogo; utapofuka.

Hatua ya 6: Andika

Anza na mdomo, maana unaeleza anakula nini: mnene wa kuvunja mbegu, mwembamba uliopinda wa kufyonza maua. Kisha mkia, kisha rangi. Shore utamjua kwa kichwa cheusi na manjano chini ya mkia. Programu ya simu iitwayo Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, husaidia kukisia, ila andika kwanza ulichokiona mwenyewe.

Usiache kuandika pia ni mwezi gani wa mwaka. Madume wa aina kadhaa za mnana hupoteza manjano yao msimu wa kuzaa ukipita, wakafanana na majike. Kwenye daftari langu la mwanzo nimewaandika ndege wawili ambao, nilipolinganisha tarehe mwaka uliofuata, walikuwa aina moja.