Shevo za dino mbili haziko sawa: namna ya kulinganisha papie za dino bila kujidanganya

Mutu anakuuzia gari, anakutumia ku WhatsApp foto ya papie ya dino (mashini ya kupima nguvu ya gari), kW 182. Mwingine iko na gari ya aina ile ile, ye papie yake inasema kW 165. Wengi banakimbilia namba kubwa, kumbe zile motere mbili zinaweza kuwa na nguvu sawasawa kabisa, ni mashini za kupimia tu njo haziko moya. Kwa hiyo mbele ya kutosha dola zako, soma ile papie polepole.

Anza na alama yenye kuwa nyuma ya namba. Afrika Kusini banaandika kW, Ulaya banapenda ch ao PS (njo shevo), Marekani hp. kW 100 ni ch 136 na ni hp 134, kwa hiyo tofauti ya ch na hp ni ndogo, haifike hata 1.5%, ila ukichanganya kW na ch utalia. Na ile CV yenye banaandika ku karti rozi uiache, ile ni shevo za serikali za kuhesabia vinyeti, haisemi nguvu ya motere.

Kisha uliza nguvu ilipimiwa wapi. Namba ya kampuni yenye ilitengeneza gari ni ya motere yenyewe, ku vilebrekeni, mbele ya bwati ya vitesi. Karakana nyingi habatoshe motere, banapima gari nzima, na pale bwati, kardani, diferansieli na mipira vyote vimeshakula sehemu yao. Utasikia mafundi banasema "ongeza 15% utapata ya motere". Mi siamini ile hesabu, juu bwati ya otomatiki, bwati ya mukono na 4x4 habakule sawa, na hata gari moya haikule kiasi kimoya baridi na moto. Kama mutu anakupa namba "ya motere" muulize ni ya kupima ao ni ya kuzidisha ku kalkilatrisi. Iko dino, kama za MAHA, zenye zinapima nguvu ku mipira, kisha fundi anakanyaga ambreyaje, anaacha rulo (ngoma zenye mipira inazungusha) zipunguze mwendo zenyewe, na mashini inahesabu kiasi gani kilipotea njiani. Ile walau ni kipimo, haiko kubahatisha.

Sasa aina za mashini. Ya kwanza ni rulo nzito ya kuzungusha tu, Dynojet njo ilijulisha ile mambo. Mashini inajua uzito wa rulo, inaangalia inapata mbio haraka namna gani, inatosha nguvu. Ni rahisi, na gari ile ile ukiirudisha inatoa namba karibu ile ile, ndiyo uzuri wake. Shida ni kama rulo iko nyepesi kwa gari ya turbo kubwa, turu (mizunguko ya motere kwa dakika) zinapanda mbio mbele turbo haijajaza, na papie inaonyesha motere imelala chini. Ingine ya kujua: ukifunga janti nyepesi, ile dino itakupa shevo za bure, juu nguvu yenye ilikuwa inazungusha janti nzito sasa inafika ku rulo. Motere haikubadilika hata kidogo.

Ya pili iko na breki ya sumaku, kama Mustang na Dyno Dynamics. Inakamata rulo, inaweza kushikilia motere ku turu 3000 hata dakika nzima, kwa hiyo kwa kufanya reprogramasio (kubadilisha programu ya kompyuta ya motere) mi nachagua ile. Mara mingi inatoa namba ya chini kuliko Dynojet, mpaka kuna watu banaiita mashini ya kuvunja moyo. Lakini fundi anaweza kubadilisha mambo mingi mule ndani: uzito wa gari, ukali wa breki, haraka ya kupandisha turu. Akipandisha haraka sana, nguvu ingine inaenda kuzungusha volan ya motere (haiko ile ya kushika na mikono) na bwati, namba inashuka. Kwa hiyo hata dino mbili za marki moya zinaweza kubishana.

Ya tatu haina rulo. Banatosha mipira, banafunga mashini pale pale buloni za gurudumu zinaingia, Dynapack na Rototest ziko vile. Hapa mupira hauteleze, haupate moto, hakuna kamba ya kukaza gari. Namba mara mingi inapanda kuliko ya rulo, na haiko uwongo, ni kwamba ile yenye mupira ungekula haijaliwa. Ile kW 182 ikiwa ya hapa, na ile 165 ikiwa ya rulo, tofauti ya 9% inaweza kuishia palepale bila motere moya kushinda ingine.

Sasa tufike ku koreksio, na hapa siye wa Lubumbashi tunapaswa kufungua macho kuliko mutu wa Durban, juu tuko mita 1200 hivi juu ya bahari, Goma na Bukavu banapita 1400. Hewa ni nyepesi, motere bila turbo inapoteza karibu 3% kila mita 300. Ili namba za miji tofauti zilingane, dino inapima presio ya hewa na joto, inazidisha namba ifanane na hewa ya kawaida. Ila "kawaida" ziko mingi. SAE J1349 (kanuni ya kupima ya Marekani) inachukua joto 25 na presio kPa 99 ya hewa kavu. Ile SAE ya zamani, yenye papie zingine zinaandika STD, inachukua hewa ya baridi zaidi na presio ya juu zaidi, inakupa karibu 4% ya juu kwa motere ile ile, njo maana wauzaji banaipenda. DIN ya zamani, ya Ujerumani, nayo iko na yake, joto 20 na milibari 1013. Ukiona papie haina jina la koreksio, omba.

Fanya hesabu ya hapa kwetu. Presio ya kweli ya Lubumbashi, ukitosha mvuke, tuseme kPa 86 ku joto 25. SAE J1349 inazidisha karibu na 1.18. Maana yake motere ilitoa ch 100, papie inaandika 118. Na kitabu cha SAE chenyewe kinaweka mupaka wa koreksio, zaidi ya pale matokeo si ya kutegemea sana. Kwa hiyo siye tunakuwa inje ya mupaka kila siku. Usitupe papie, ila omba na namba ghafi, yenye haijaguswa, na hii faktere ya koreksio iandikwe.

Motere ya turbo njo inadanganya watu kuliko yote. Kama turbo inajaza mpaka presio ile ile hata mu mulima, haikupoteza sawa na motere bila turbo, ilipoteza kidogo tu, sasa mashini ikiizidisha na 1.18 inazaa shevo zenye hazipo. Papie za turbo za Johannesburg, wako juu kuliko siye, zisome na jicho kali. Kwa turbo mi nalinganisha ghafi na ghafi.

Tena angalia fundi aliingiza presio gani. Akichukua ile ya ku telefone, ya meteo, itasema milibari 1015 juu ile imeshahesabiwa kama tuko ku bahari, wakati barometre ya kweli inasema karibu 880. Na sonde ya joto ikiwekwa karibu na radiatere inadhani hewa iko ya moto sana, basi inaongeza shevo.

Kuple (nguvu ya kukamua, yenye banaandika Nm) nayo ni mutego. Vitesi inazidisha kuple, nguvu haiizidishi, kwa hiyo papie ya Nm 1200 ku gari ndogo ni kuple ya ku gurudumu, igawanye. Kupima ukweli wa karatasi: ch ni Nm mara turu gawanya na 7024. Nm 300 ku turu 5000 ni ch 214, isipotoka hivi kuna kintu. Na papie ya Marekani, hp na lb-ft ku skeli moya, mistari lazima ikutane ku turu 5252.

Kama unataka kujua turbo mupya imeleta nini, pima mbele na nyuma ku dino ile ile, vitesi ile ile (yenye rapo karibu na 1 kwa 1, mara mingi ya ine), presio ya mipira ile ile, mafuta ya motere ya moto, vantilatere pahali pamoya, na koreksio isibadilike. Linganisha mustari mzima, usiangalie kilele tu, gari ya muji inaishi ku turu 2000 mpaka 4000.

Huna dino karibu? Chukua saa na njia sawa, yenye haina mulima wala malori, kwa hiyo njia ya Kasumbalesa usijaribu. Vitesi moya, toka 60 mpaka 100, kuenda na kurudi, chukua katikati. Gari ya kilo 1400 ikifanya sekunde 6, ni kW 58 hivi kwa wastani, bila kuhesabia upepo na mipira. Nyuma ya kazi ikashuka mpaka sekunde 5, watu na esanse mu gari ikiwa sawa, umeongeza karibu 20% mu zile turu, hakuna koreksio ya mutu yeyote imeingia mule.